Vilikotoka Vidonge vya Mama

Mama yangu anatunza dawa zake kwenye kopo la Blue Band, lile la bati, ambalo zamani lilikuwa la vifungo na sindano za cherehani. Linakaa juu ya kabati la vyombo, nyumbani Ngamiani, Tanga, mahali ambapo wajukuu hawafiki. Ndani yake kuna vibahasha vya karatasi vilivyoandikwa kwa kalamu: 1 x 2, 1 x 1. Moja mara mbili, moja mara moja. Hayo ndiyo maandishi pekee aliyowahi kupewa kuhusu ugonjwa ambao ameishi nao miaka kumi na moja.

Sikuwahi kulijali kopo hilo mpaka Ramadhani ya miaka mitatu iliyopita. Siku ile Mama aliamka kula daku, lakini hakuwa na hamu ya chakula. Alikunywa chai ya rangi na tende mbili, akameza kidonge chake cha asubuhi, akanuia, akarudi kulala. Mchana alifua. Ilipokaribia saa tisa na nusu, akisubiri adhana ya alasiri, jasho likaanza kumtoka, mikono ikatetemeka, kisha maneno nayo yakaanza kutoka ovyo. Alimwita mdogo wangu kwa jina la marehemu kaka yake. Jirani mmoja akasema huyu kapandisha, akaanza kumsomea. Aliyemwokoa ni kijana wa bodaboda aliyekuwa ameleta nazi. Baba yake anao ugonjwa huohuo. "Mpeni sukari! Huyo sukari imeshuka!" Mama akabana meno. Eti amefunga. Ikabidi wambembeleze na maji ya sukari kwa kijiko, kidogo kidogo, kwa vile bado alikuwa anaweza kumeza.

Usiku ule nilipompigia simu kutoka Dar, hakusema alikaribia kufa. Alisema, "Mwanangu, leo wamenifungulisha."

Mimi ni mwandishi wa habari, si daktari. Nimeandika kuhusu bajeti, uchaguzi na mafuriko. Lakini swali moja lilininyima usingizi: inakuwaje mtu ambaye shida yake ni sukari nyingi aanguke kwa kukosa sukari? Nilitaka kujua kile kidonge kidogo kilitoka wapi, nani alikitengeneza, na alijua nini siku alipokitengeneza. Yaliyo hapa chini ndiyo niliyoyakuta. Nimeyaweka kwa mpangilio wa kopo la Mama na si wa vitabu vya udaktari.

Tuanze na jina. Kiswahili kimeuita ugonjwa huu kisukari, na ukilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza unaweza kudhani ni kitu kidogo kitamu. Wenzetu wa kale waliuona kwa sura nyingine. Areteo wa Kapadokia, tabibu wa Kigiriki wa karne ya pili, aliueleza kama mwili unaoyeyuka na kutoka kwa njia ya mkojo, na jina la Kigiriki linalotumika mpaka leo linatokana na neno la mfereji, kitu kinachopitisha maji tu bila kuyahifadhi. Matabibu wa India ya kale waliona kuwa mkojo wa wagonjwa hawa unavuta sisimizi, wakauita mkojo wa asali. Mwaka 1674 Mwingereza Thomas Willis aliuonja, ndiyo, aliuonja, akathibitisha kuwa ni mtamu. Miaka mia moja hivi baadaye, 1776, Matthew Dobson aliuchemsha mkojo mpaka ukakauka, akabaki na kitu kinachofanana na sukari na chenye ladha ya sukari. Akaonyesha pia kwamba utamu huo umo hata kwenye damu.

Kiungo chenye makosa kilijulikana baadaye. Mwaka 1889, mjini Strasbourg, Oskar Minkowski na Josef von Mering walimtoa mbwa kongosho, na mbwa yule akapata kisukari. Kumbe kongosho, ambalo watu walidhani kazi yake ni kusaga chakula tu, lilikuwa na siri nyingine. Miaka ishirini kabla yao kijana wa Kijerumani aitwaye Paul Langerhans alikuwa ameona ndani ya kongosho visiwa vidogo vya seli ambavyo hakujua vinafanya nini. Sasa ikaanza kueleweka: visiwa vile vinatoa kitu, na bila kitu hicho sukari haiingii mwilini inavyotakiwa. Inabaki kuzunguka kwenye damu kama abiria aliyenyimwa kushuka kituoni.

Kitu hicho ni insulini, na habari yake ndiyo inayosimuliwa zaidi. Toronto, Kanada, 1921: Frederick Banting, daktari wa upasuaji ambaye kliniki yake ilikuwa haina wateja, na mwanafunzi Charles Best, wakafanya kazi kwenye maabara ya Profesa John Macleod, wakikamua maji ya kongosho za mbwa na baadaye za ng'ombe. Tarehe 11 Januari 1922 walimchoma sindano mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, ambaye alikuwa amebaki na uzito wa kilo kama 29. Dawa ilikuwa chafu, ikamletea jipu, na sukari ikashuka kidogo tu. Mwanakemia James Collip akaisafisha, na tarehe 23 Januari wakarudia. Safari hii ikafanya kazi. Kabla ya hapo tiba kubwa ya watoto wa aina hii ilikuwa kuwanyima chakula ili wafe polepole badala ya kufa haraka. Leonard aliishi miaka mingine 13.

Watu wanapenda kumalizia hadithi hii kwenye hakimiliki, kwamba iliuzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja ili dawa iwafikie wote. Ni kweli, na inafaa kukumbukwa kila mtu anapotajiwa bei ya insulini leo. Mimi lakini nilisimama mahali pengine, kwenye sungura wa Collip. Alipokuwa akipima nguvu ya dawa yake kwa sungura, aliona baadhi wanatetemeka, wanapata degedege, wanazimia. Akiwapa sukari, wanazinduka. Nilisoma sentensi hiyo nikamwona Mama sebuleni. Yaani kuanguka kwa sukari kulijulikana tangu wiki za mwanzo kabisa za dawa ya kwanza kabisa. Sungura walitangulia kuanguka ili watu waonywe.

Mama hachomi insulini. Kwenye mtaa wetu anayechoma ni binti wa jirani, ambaye kongosho lake liliacha kazi akiwa darasa la tano. Chupa yake wanaihifadhi kwenye mtungi wa udongo wenye maji pembeni, maana friji hawana. Mwaka 1936 daktari wa London, Harold Himsworth, alionyesha kwamba kuna wagonjwa wa namna mbili: ambao insulini imekosekana, kama binti yule, na ambao insulini ipo lakini mwili hauisikilizi vizuri, kama Mama. Wa kwanza hana mbadala wa sindano. Wa pili ndiye aliyefunguliwa mlango wa vidonge, na vidonge hivyo ndivyo vimejaa kwenye kopo.

Kibahasha cha kwanza: metformini. Hii ndiyo ile ya 1 x 2, kidonge kikubwa cheupe ambacho Mama anakilalamikia kuwa kinakwama kooni. Baba yake wa ukoo ni mmea. Unaitwa Galega officinalis, una maua ya zambarau, na watabibu wa mitishamba wa Ulaya waliutumia kwa homa na kwa kuumwa na nyoka. Wafugaji nao waliujua kwa sifa nyingine: kondoo wakiula kwa wingi wanakufa. Ndani yake mna viambata vya jamii ya guanidini, na mwaka 1918 ilionekana kuwa guanidini inashusha sukari kwa wanyama. Inashusha, na inadhuru. Miaka ya 1920 Wajerumani walitengeneza dawa ya ukoo huo, ikaitwa Synthalin, ikaonekana inaharibu ini, ikaachwa. Metformini yenyewe ilitengenezwa maabara huko Dublin mwaka 1922, mwaka uleule wa Leonard Thompson, lakini dunia yote ilikuwa inaitazama insulini. Ikakaa kwenye makabrasha miaka thelathini na zaidi. Mwaka 1957 daktari wa Kifaransa Jean Sterne ndiye aliyeitoa, akaipa jina la Glucophage, mla sukari.

Jina zuri, ingawa haili kitu. Kazi yake kubwa iko kwenye ini. Ini letu ni ghala: usiku tukilala linatoa sukari kidogo kidogo ili ubongo usikose. Kwa mgonjwa wa aina ya Mama, ghala linatoa hata wakati sokoni kumejaa. Metformini inamshika mkono mwenye ghala, na inausaidia mwili uisikilize insulini iliyopo. Kwa kuwa hailazimishi kongosho kutoa insulini zaidi, ikitumika peke yake ni nadra kuangusha sukari. Adhabu yake ni tumbo: kichefuchefu, gesi, kuharisha, hasa wiki za mwanzo na hasa ukiimeza bila chakula. Kwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12, na anayekosa B12 anaweza kupata ganzi miguuni na kudhani ni kisukari kinaendelea. Na kwa mtu ambaye figo zake zimechoka sana, inaweza, kwa nadra, kuleta asidi nyingi kwenye damu, jambo la hatari. Ndugu yake wa karibu, fenformini, aliondolewa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu hiyohiyo, na huenda ndiyo maana Wamarekani waliikubali metformini mwaka 1994 tu, wakati Ulaya ilikuwa imeitumia kwa zaidi ya miongo mitatu.

Nilipomsimulia Mama habari za kondoo, alishangaa. Kila mara shangazi anapomletea unga wa mlonge au magome fulani humwambia, "Hii ni miti tu, haina madhara." Sasa Mama humjibu, "Hata hii ya hospitali ni mti, wifi. Uliua kondoo." Simkatazi mlonge wake. Nilichomwomba ni asinywe kitu kimya kimya, daktari ajue.

Kibahasha cha pili ndicho kilichonifanya niandike. Glibenklamidi, kile kidonge kidogo, 1 x 1 asubuhi.

Mwaka 1942, katikati ya vita, mjini Montpellier kusini mwa Ufaransa, Profesa Marcel Janbon alikuwa na wagonjwa wa homa ya matumbo. Hakuwa akitafuta dawa ya kisukari hata kidogo. Aliwapa dawa mpya ya jamii ya salfa, yenye namba tu, 2254 RP. Baadhi yao wakaanza kutokwa jasho, kuchanganyikiwa, kupata degedege. Wengine walikufa. Walipopima damu, sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Janbon akazungumza na mwenzake wa chuo hichohicho, Auguste Loubatières, ambaye akaichukua dawa ile kwa mbwa. Mbwa mwenye kongosho, sukari ilishuka. Mbwa aliyetolewa kongosho, haikushuka. Loubatières akaelewa: dawa hii inalipiga kongosho lenyewe, inalilazimisha kumwaga insulini. Kilichokuwa sumu kwa mgonjwa wa homa kingeweza kuwa tiba kwa mgonjwa wa sukari.

Katikati ya miaka ya 1950 vidonge vya kwanza vya ukoo huu vikaingia sokoni, tolbutamidi ikiwemo, na miaka ya 1960 ikazaliwa glibenklamidi, yenye nguvu zaidi, inayohitaji miligramu chache tu. Baadaye ikajulikana namna inavyofanya kazi. Seli za kongosho zinazotoa insulini zina vijilango ambavyo potasiamu inapitia kutoka nje. Sukari ikiingia kwenye seli na kuchomwa, vijilango vinafungwa, umeme wa seli unabadilika, kalsiamu inaingia, insulini inatoka. Huo ndio utaratibu: sukari ibishe hodi kwanza. Glibenklamidi inafunga vijilango hivyo yenyewe, bila kuuliza kama kuna sukari au hakuna. Ni kama kupiga kengele ya chakula shuleni wakati sufuria ni tupu. Watoto watakuja tu.

Sasa rudi nami daku ile ya chai na tende mbili. Kidonge kimemezwa saa kumi alfajiri. Kengele inalia. Insulini inatoka, inakusanya sukari kidogo iliyopo. Saa nne asubuhi hakuna chai wala maandazi. Saa saba hakuna wali. Glibenklamidi inakaa mwilini muda mrefu, na kwa mtu mzima ambaye figo zake zimepungua kasi inakaa zaidi. Kengele bado inalia. Ini nalo, ambalo lingetoa akiba, limeshikwa mkono na metformini na limezuiwa na insulini ileile. Saa tisa na nusu jioni hiyo, Mama, mwenye miaka 63, alikuwa mgonjwa wa Montpellier.

Nilichokikuta baada ya hapo kilinikasirisha, na nimesubiri mpaka hasira ipungue ndipo niandike. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya dawa muhimu. Kwenye kundi hili orodha hiyo inataja gliklazidi, ambayo ni ya ukoo uleule lakini mpole zaidi, na inaongeza kuwa glibenklamidi haifai kwa watu wenye zaidi ya miaka 60. Imeandikwa waziwazi. Mama alivuka 60 akipewa kidonge kilekile, dirisha lilelile, kibahasha kilekile. Hakuna aliyemuuliza kama anafunga, hapa Tanga, mji ambao mwezi wa Ramadhani hata asiyefunga anajua. Sitaji kituo. Mhudumu wa dirisha lile ana foleni ya watu mia na kalamu moja. Dawa hiyo ni ya bei nafuu na ndiyo inayopatikana. Lakini watu walikufa mwaka 1942 ili jambo hili lijulikane, na habari ilisafiri kutoka Montpellier mpaka Geneva, ikashindwa kuvuka dirisha moja la mbao.

Nikaendelea kusoma, maana nilitaka kujua kama kuna dawa isiyo na hadithi ya namna hii. Sikuipata.

Kulikuwa na ukoo wa glitazoni, dawa zinazoufanya mwili uisikilize insulini kwa kubadilisha kazi ya seli za mafuta. Troglitazoni iliingia Marekani mwaka 1997 ikatolewa mwaka 2000 kwa kuharibu maini ya watu. Mdogo wake, rosiglitazoni, aliuzwa kwa mabilioni ya dola, mpaka mwaka 2007 Steven Nissen na mwenzake Kathy Wolski walipokusanya matokeo ya tafiti nyingi na kusema inaonekana kuongeza mshtuko wa moyo. Ulaya iliisimamisha mwaka 2010. Marekani iliifungia kisha ikalegeza mwaka 2013, baada ya uchambuzi mwingine kuonyesha kuwa hatari haikuwa kubwa kama ilivyodhaniwa. Pioglitazoni bado ipo, lakini huvimbisha miguu, hujaza maji mwilini, na mwenye moyo dhaifu hapaswi kupewa.

Kutokana na vurugu hiyo, mwaka 2008 wasimamizi wa dawa wa Marekani walitoa amri: kila dawa mpya ya kisukari ithibitishe kuwa haiumizi moyo. Watengenezaji walilalamika. Na hapo ndipo historia ikacheza mchezo wake.

Mwaka 1835 wanakemia wa Ulaya walitoa kwenye magamba ya mizizi ya mtufaa kitu kichungu, florizini. Mwaka 1886 von Mering, yuleyule wa mbwa wa Strasbourg, aligundua kuwa ukimpa mnyama kitu hicho anakojoa sukari. Kwa karne nzima kilikuwa kifaa cha maabara, njia ya kumfanya mnyama aonekane kama mgonjwa. Kisha watu wakaelewa kwamba figo huchuja sukari kiasi cha gramu 180 kwa siku na kuirudisha yote kwenye damu, na florizini inafunga njia ya kurudishia. Mtu akawaza: kwa nini tusiiache sukari ya ziada itoke? Ndipo zikaja dapagliflozini, kanagliflozini na empagliflozini, kuanzia mwaka 2012 na kuendelea. Mkojo mtamu ambao Willis aliuonja kama dalili ya ugonjwa sasa ndiyo tiba yenyewe.

Na kwa sababu ya amri ile ya moyo, empagliflozini ilipimwa kwa watu kama 7,000. Mwaka 2015 matokeo yakatoka: waliotumia dawa walikufa kwa maradhi ya moyo na mishipa kwa asilimia 38 pungufu kuliko wenzao. Utafiti uliolazimishwa kutafuta madhara ulikuta faida. Madhara nayo yapo: sukari inayopita njia ya mkojo inawapendeza fangasi, hivyo muwasho sehemu za siri ni wa kawaida. Mtu hupoteza maji, na mara chache damu hujaa asidi hata kama kipimo cha sukari hakitishi. Ukifunga mchana kutwa bila maji kwenye joto la pwani, hilo nalo si la kupuuza.

Halafu kuna mjusi. Kwenye majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani na Meksiko anaishi mjusi mwenye sumu aitwaye Gila, anayeweza kula mara chache tu kwa mwaka. Tangu 1964 wanasayansi walikuwa wanajua kwamba sukari inayopitia mdomoni inaamsha insulini kuliko inayochomwa kwenye mshipa, kwa hiyo utumbo lazima unatuma ujumbe. Mjumbe mmojawapo ni homoni ya GLP-1, lakini ndani ya dakika chache mwili huivunja. Mwaka 1992 daktari John Eng wa New York alitoa kwenye sumu ya mjusi yule kitu kinachofanana na homoni hiyo lakini kinachodumu. Mwaka 2005 kikawa dawa, eksenatidi. Baada yake zikaja nyingine, mpaka semaglutidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ozempic na kwa picha za watu waliokonda. Ukoo huu unafanya kazi kwa adabu: unaliambia kongosho litoe insulini pale tu sukari ipo. Unapunguza mwendo wa tumbo, unapunguza hamu ya kula. Wengi hutapika mwanzoni, na wapo wanaopata mawe kwenye nyongo au uvimbe wa kongosho. Kwa kuwa ni ghali na inatafutwa, matapeli wameivamia. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya semaglutidi bandia. Vidonge vya binamu zake, kama sitagliptini ya mwaka 2006, vyenyewe humzuia yule anayeivunja homoni yetu wenyewe. Ni vipole, ila havishushi sukari sana.

Baada ya kuyasoma yote haya niliacha kuamini mgawanyo tuliouzoea, kwamba dawa ina kazi yake halafu ina madhara yake pembeni, kama nyumba na choo cha uani. Kwa dawa nyingi za kisukari ni chumba kimoja. Degedege la Montpellier na kushuka kwa sukari ya mgonjwa ni kitendo kimoja, kinachotofautiana kwa nani amepewa na amekula nini. Sukari kwenye mkojo ni ileile. Kwa hiyo mtu anayekupa dawa bila kukuambia madhara yake amekupa nusu ya dawa.

Na nchi yetu haiwezi tena kujificha nyuma ya uchache wa wagonjwa. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake wa Dar es Salaam walichapisha utafiti wa vijiji vya Tanzania uliokuta wenye kisukari hawafiki asilimia moja ya watu wazima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kama asilimia tisa. Vipimo vilitofautiana na mmoja ulikuwa wa vijijini tu, lakini hata ukitoa makosa yote, hapo katikati kuna kizazi kimoja, kizazi cha Mama.

Tulirudi hospitali pamoja. Nilimwandikia Mama maswali matatu kwenye karatasi: hii dawa inaweza kunishusha sukari? Figo zangu zilipimwa lini? Nikifunga, nifanyeje? Daktari, kijana wa rika langu, alimwamkia Mama shikamoo, akayasoma, akacheka kidogo. "Mama, ungekuja na haya miaka kumi iliyopita." Mama akamwambia, "Miaka kumi iliyopita hakuna aliyeniambia kuwa kuna maswali." Alipimwa figo. Glibenklamidi ikaondolewa, ikaja gliklazidi kwa kiwango kidogo. Vile vipya vya figo alivitaja, akataja na bei, tukanyamaza wote watatu. Kuhusu kufunga alisema hamshauri, maana mtu aliyewahi kuanguka ni rahisi kuanguka tena. Yeyote anayesoma hapa asiibadilishe dawa yake kwa maneno yangu. Achukue yale maswali matatu, ayapeleke kwa daktari wake.

Mama alikaa na jambo hilo wiki nzima. Akaenda kwa shekhe wa msikiti wa jirani, ambaye alimwambia mgonjwa wa kudumu ana ruhusa, atoe fidia, alishe maskini mmoja kwa kila siku. Alikubali, ingawa haikumfurahisha. Ramadhani iliyofuata alipima mchele siku thelathini, kibaba kwa kibaba, akaufunga kwenye mifuko.

Lakini daku bado anaamka. Anawapikia mdogo wangu na mkewe, anakaa nao mkekani, anakunywa chai. Wanaponuia yeye hunyamaza. Asubuhi, jua likishatoka, anashusha kopo kutoka kabatini, anakula mkate wake kwanza, kisha anafungua kibahasha. Nilipokuwa nyumbani mwezi uliopita nilikuta ameandika juu yake kwa mkono wake mwenyewe, chini ya ile 1 x 1 ya dirishani, kwa herufi kubwa za mtu aliyeishia darasa la saba: USINIMEZE NA NJAA.